Nachingwea: Reli Iliyokufa Bila Kulika

Kuna upweke wa aina nyingi, msomaji wangu, lakini ule wa kulala kitanda kimoja na mtu na bado ukajisikia uko peke yako, huo usiombe ukukute. Mimi ulinikuta mwaka wa saba wa ndoa. Hakuna aliyempiga mwenzake. Hakuna nyumba ndogo. Hakuna meseji za ajabu kwenye simu (nilishapekua, sitaki kukuficha). Kilichokuwepo ni ukimya tu.

Mume wangu, ambaye tangu tupate mtoto kila mtu anamwita Baba Junior, ni fundi wa treni. Maisha yake ni magurudumu. Treni zikilala ndipo yeye anaamka, kwa hiyo zamu zake nyingi ni za usiku. Anarudi asubuhi mimi ndiyo natafuta funguo niwahi benki. Tunapishana mlangoni. "Chai ipo kwenye chupa." "Poa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima.

Kwa hiyo nikuambie ukweli ambao hata dada yangu wa damu hakuujua wakati huo: kwenye simu yangu kulikuwa na namba ya dalali wa Tabata. Alikuwa ananitafutia chumba na sebule. Sikuwa nimeamua, lakini sikuwa nimemwambia aache kutafuta.

Ndipo mwezi wa kumi Babu, mzee aliyemzaa baba mkwe wangu, akapiga simu kutoka Nachingwea. Korosho zimeanza kuanguka, akasema, na yeye anakaribia miaka 90, je, mpaka lini atamsikia mke wake kwenye simu tu? Mke wake huyo ni mimi. Kwa utani wetu wa babu na mjukuu, Baba Junior ni mpangaji, mwenye nyumba ni Babu.

Tukamwacha Junior kwa bibi yake, tukapanda basi.

KUSINI SIYO MBALI TENA

Wale mliosoma enzi za zamani mnaikumbuka safari ya kusini. Ilikuwa adhabu. Masika yakiingia mnalala njiani, na pale Rufiji mnapanga foleni kungoja pantoni. Siku hizi hadithi imebadilika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja, na unalivuka kabla hujamaliza kumenya chungwa. Kibiti, Ikwiriri, Nangurukuru, kisha unaanza kusikia harufu ya bahari ya Lindi.

Baba Junior alilala tangu Mbagala. Mimi nilikuwa nahesabu minazi na kujiuliza ni wanandoa wangapi humo ndani ya basi wanaonekana wako pamoja kama sisi.

Ukishaipita njia panda ya Mingoyo, barabara inaiacha pwani na kuingia bara, ikifuata bonde la mto Lukuledi. Hapo ndipo aliamka. Akatoa kichwa dirishani kama mtoto.

"Bonde hili lilikuwa na reli," akasema.

Nilidhani anaota. Reli kusini? Mimi nimezaliwa Dar, nimesoma mpaka chuo kikuu, na sijawahi kusikia treni ya Lindi. Lakini ilikuwepo. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikapanda bonde hili hadi Nachingwea. Treni za kwanza zilianza kutembea mwaka 1949. Baadaye ikaungwa na bandari mpya ya Mtwara, na tawi jingine likaelekea upande wa Masasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na reli zikang'olewa.

"Zilikuwa zimechakaa?" nikauliza.

"Babu atakuambia," akajibu. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akatabasamu akiniangalia mimi na siyo simu yake.

USIKU WA RUANGWA

Pale Nanganga tuliacha barabara ya Masasi tukakata kulia kwenda Ruangwa. Usitegemee kukuta kijiji cha kulala saa moja. Ruangwa imechangamka. Huku ndiko alikokuwa mbunge Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, na uwanja wa mpira wa hapa una jina lake. Ndiyo nyumbani kwa Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu ikacheza msimu wake wa kwanza 2019/20 na msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1. Ukitaka urafiki wa haraka hapa, itaje fainali hiyo kwa heshima. Ardhini kuna madini ya kinywe, yale meusi ya kwenye penseli, ambayo sasa dunia inayagombea kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Na juu ya ardhi kuna mikorosho kila unakogeuka.

Tulichukua chumba kwenye gesti safi, tukatoka kutafuta mishikaki. Nikaamua kumuuliza swali ambalo, naona aibu kusema, sikuwa nimemuuliza kwa miaka saba.

"Hivi usiku mzima unafanya nini na hayo magurudumu?"

Akaniangalia kuona kama natania. Kisha akamwomba mhudumu vikombe viwili vya plastiki na seloteipu. Akavigusanisha midomo kwa midomo, akavizungushia seloteipu. Akaegemeza vijiti viwili vya mishikaki kwenye ukingo wa sahani vikawa kama mteremko wa reli, akaachia vikombe. Vikabingirika mpaka chini bila kuanguka. Akavigeuza akavibandika makalio kwa makalio, akaachia tena. Vikayumba, vikadondoka.

"Gurudumu la treni siyo duara la moja kwa moja kama la baiskeli," akasema. "Limekerezwa kwa mteremko, upande wa ndani kipenyo kikubwa, wa nje kidogo. Na magurudumu mawili yameshikana kwenye ekseli moja, hayawezi kuzunguka kila moja kwa mwendo wake kama ya gari. Treni ikisogea kulia kidogo, gurudumu la kulia linakanyagia pale penye kipenyo kikubwa, la kushoto pale penye kidogo. Basi lenyewe linajirudisha katikati. Watu wanadhani ule ukingo wa chuma wa ndani ndiyo unaoshikilia treni. Ule ni wa akiba. Kazi kubwa inafanywa na huo mteremko."

Nikamuuliza tatizo liko wapi sasa.

"Tatizo ni kulika. Gurudumu linagusa reli sehemu ndogo sana, haizidi ukucha wa kidole gumba. Treni za kasi za Ulaya zinaruhusiwa kubeba tani 17 kwa ekseli moja. Gawanya kwa mbili. Hiyo tani nane na nusu yote inakaa juu ya ukucha. Kila mzunguko, chuma kinaondoka kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho. Baada ya kilomita nyingi gurudumu linachimbika katikati, linakuwa kama sufuria iliyobonyea. Ule mteremko mzuri unaharibika. Ukiwa mwendo wa polepole husikii kitu. Ukikimbia, ekseli inaanza kuyumba kushoto kulia, kushoto kulia, kama nyoka. Kadiri unavyoongeza kasi ndivyo inavyokataa kutulia."

Ndiyo maana, akaniambia, treni za kasi huwa na shughuli nyingi usiku kuliko mchana. Wajapani walioanza na treni ya kilomita 210 kwa saa tarehe 1 Oktoba 1964 walijifunza hivyo, na Wafaransa walioifikisha treni ya majaribio kilomita 574.8 kwa saa tarehe 3 Aprili 2007 wanalijua hilo vizuri zaidi. Reli yetu ya kisasa, ambayo tangu Juni 2024 inabeba abiria hadi Morogoro na tangu Julai mwaka huohuo hadi Dodoma, imejengwa kwa kilomita 160 kwa saa. Kwa vipimo vya dunia, reli mpya inaitwa ya kasi kuanzia 250. "Lakini chuma hakisomi vipimo vya dunia," akasema. "Mchongoko ukipita na 160, gurudumu linalika vilevile, na lazima mtu alipime."

Kipimo anacho. Akikuta limechimbika, gurudumu linapelekwa kwenye mashine ya kukereza, linapunguzwa kidogo kidogo mpaka lirudi kwenye umbo lake. Kila ukilikereza, linakuwa dogo. Siku likifika mwisho wa kipimo, linatupwa.

Hapo nikasikia kitu kimenichoma. Nikasema, kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya utani, "Kwa hiyo kila kitu kinaisha tu."

Baba Junior akatikisa kichwa. "Hapo ndipo watu wanakosea. Kulika siyo adui mkubwa. Adui mkubwa ni ufa."

KIKILIKA KIDOGO, NI DAWA

Nisikilize vizuri hapa, maana ndicho kilichonifanya niandike makala hii.

Uso wa reli ukikandamizwa mara milioni kwa milioni, unachoka. Vinaanza vipasuko vidogo kama unywele. Sasa, kama reli inalika kidogo kidogo, vile vipasuko vinalika pamoja na ule uso, vinaondoka kabla havijashuka chini. Mafundi walipoleta chuma kigumu zaidi ili reli isilike, na kupaka vilainishi kupunguza msuguano, wakagundua jambo la ajabu: chuma kinadumu, lakini na ufa nao unadumu. Unapata nafasi ya kukua kwenda chini, na juu reli inang'aa kama kioo.

Kwa hiyo siku hizi, akasema, reli inasagwa kwa makusudi. Treni maalumu yenye mawe ya kusagia inapita usiku ikitoa cheche kama fataki, inaondoa ngozi nyembamba ya juu. Unailia reli ambayo bado nzima ili isivunjike.

"Na usiposaga?"

Akaniambia habari za Hatfield, Uingereza. Tarehe 17 Oktoba 2000 treni ilipita pale kwa kasi ya karibu kilomita 185 kwa saa, reli ikavunjika vipande vipande chini yake. Watu wanne walikufa. Vipasuko vilikuwa vinajulikana kabla ya siku ile. Ilishaamuliwa kwamba reli ibadilishwe. Haikubadilishwa kwa wakati, basi.

Kisha akanisimulia ya Eschede, Ujerumani, na hapo sauti yake ilibadilika. Treni za kasi za kule zilianza na magurudumu ya chuma kitupu. Yakawa yanapoteza uduara, treni inatetemeka, glasi zinagongana kwenye behewa la chakula, abiria wanalalamika. Badala ya kushughulika na mtetemo pale unapoanzia, wakaweka magurudumu yenye mpira katikati na bangili ya chuma kwa nje. Mtetemo ukatulia. Kila mtu akafurahi. Lakini ile bangili ilikuwa inalika na kukerezwa, inakonda, inajikunja kila mzunguko, na ufa ukaota kwa ndani, upande usioonekana. Tarehe 3 Juni 1998 ikakatika treni ikiwa kwenye kasi ya kilomita 200 kwa saa. Watu 101 walipoteza maisha.

"Walinyamazisha kelele," Baba Junior akasema, "wakadhani wametengeneza gurudumu."

Tulirudi gesti tukiwa kimya. Lakini haukuwa ule ukimya wa Dar. Nilikaa macho nikisikiliza feni, nikiwaza "Chai ipo kwenye chupa" na "Poa". Sisi nasi tulikuwa na mpira wetu wa katikati. Hatugombani. Majirani wanatusifia. Glasi hazigongani.

STESHENI ISIYO NA TRENI

Asubuhi tukachukua gari la abiria kwenda Nachingwea. Mji umetandazwa kwenye ardhi ya wazi, barabara pana, miembe mikubwa. Kuna kata inaitwa Stesheni. Ukiuliza treni ipo wapi watoto watakucheka.

Historia yake inachekesha na kuliza kwa pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wakaamua karanga za Tanganyika zitawaokoa. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, Kongwa, Urambo na huku Nachingwea. Walileta mabuldoza, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo, na reli ikajengwa kwa ajili hiyo. Kila kitu kilijengwa kabla ya kumuuliza mkulima wa hapa mvua inanyeshaje. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Mashamba yakabaki na namba zake. Moja kati ya hizo, Farm 17, baadaye likawa kambi ya wapigania uhuru wa Frelimo, na Samora Machel alilijua vizuri vumbi la Nachingwea kabla hajawa Rais wa Msumbiji mwaka 1975.

Babu alitusubiri chini ya mkorosho, kanzu safi, kofia ya kiua.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekonda. Huyu mpangaji wangu anakulisha nini huko?"

Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, kisha akaletewa sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi. Alipojua kwamba nataka habari za reli, alivua kofia akaiweka gotini.

Aliingia genge la njia akiwa kijana hajaota ndevu, katikati ya miaka ya 1950. Kazi yao ilikuwa kutembea. Kila asubuhi wanaifuata reli kwa miguu, wanakaza bolti, wanarudisha kokoto chini ya mataruma. Reli za wakati ule zilikuwa vipande vilivyoungwa, kila baada ya hatua kadhaa kuna pengo dogo la chuma kujinyoosha juani, ndiyo maana treni ililia ta-ta, ta-ta. "Hii ya mume wako imechomelewa, hailii," akasema kwa dharau kidogo. Kwenye kona walipaka grisi ili ukingo wa gurudumu usile bega la reli. Na kila fundi alikuwa na nyundo.

"Unagonga, unasikiliza. Chuma kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, mjukuu wangu. Lazima ugonge."

Nikamuuliza lile swali langu la kwenye basi. Je, reli ilifungwa kwa sababu ilichakaa?

Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Ilichakazwa na nini? Treni yenyewe ilikuwa inakuja kwa nadra. Tunakaza bolti, tunapaka grisi, tunakaa chini ya mwembe kuingoja, haiji. Karanga hakuna. Mzigo hakuna. Siku walipokuja kuzing'oa mimi nilikuwepo. Reli ya njia yenye kazi kichwa chake kinang'aa, kimelika, kina alama. Zile zetu zilikuwa na kutu juu, lakini chini ya kutu, chuma kizima. Ile njia haikufa kwa kulika. Ilikufa kwa kukosa mzigo."

Sikuweza kuendelea kula. Nilikuwa nimepanda basi kilomita zote hizo nikiamini ndoa yangu imelika, imekwisha, imefikia mwisho wa kipimo. Na huyu mzee ananiambia chuma kinaweza kufa kikiwa kizima, kwa sababu tu hakuna kinachopita juu yake.

KWENYE TUTA

Jioni Baba Junior alinipeleka kuona tuta lenyewe nje kidogo ya mji. Usitegemee maajabu. Ni mgongo mrefu wa udongo umeota nyasi, unakwenda moja kwa moja kati ya mikorosho, mahali ambapo hakuna sababu nyingine ya udongo kunyooka vile. Mabibo yaliyoiva yalikuwa yameanguka, harufu tamu kali imejaa hewani. Tukakaa.

"Kuna barua," akaanza yeye.

Uhamisho wa Dodoma, kuanzia Januari. Nafasi nzuri, mshahara umeongezeka. Aliipata miezi miwili iliyopita. Miezi miwili! Alikuwa anaitembeza kwenye begi la kazini, akisubiri siku nitakapokuwa na muda, siku yeye atakapokuwa hajachoka, siku Junior hatakuwa na homa.

Nilikasirika, msomaji wangu, usinione malaika. Nilisimama nikamwambia maneno ambayo Babu asingependa kuyasikia. Kwamba anawasikiliza magurudumu kwa nyundo, lakini mke wake hajawahi kumgonga hata siku moja asikie anaimba au anakohoa.

Hakujitetea. Akasema, "Na wewe?"

Hapo ningeweza kudanganya. Mpira ulikuwa tayari, wa kuweka katikati mtetemo utulie. Nikamwambia habari za dalali.

Alikaa kimya muda mrefu. Jua likazama kabisa.

"Tabata?" akauliza mwishowe.

"Tabata."

"Chumba na sebule?"

"Na jiko."

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akapiga mluzi. "Kwa bei hiyo umeibiwa," akasema, na sijui nani alianza, lakini tulicheka pale juu ya tuta mpaka tukalia. Mimi nililia kweli. Yeye alisema ni vumbi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikwisha pale. Tuliongea mpaka usiku, kuna mambo yaliuma, na mengine bado yanauma. Lakini tulikubaliana vitu viwili. Kwanza, barua ya Dodoma tutaijibu wawili. Kwa treni ni saa tatu na ushee hadi nne, siyo mwisho wa dunia. Pili, kila Jumapili jioni, Junior akishalala, simu zinazimwa na tunakaa saa moja. Kila mtu anataja kitu kimoja kilichomkwaruza wiki hiyo, kidogo, kabla hakijashuka chini. Hatukiiti kikao. Tunakiita msasa.

Jumapili ya kwanza alilalamika kwamba natia sukari chai yake bila kumuuliza. Miaka saba! Mimi nililalamikia taulo. Vinaonekana vitu vya kijinga. Ndiyo, ndiyo maana unavisaga vikiwa bado vya kijinga.

Na namba ya dalali? Sikuifuta. Nimempa dada yangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatafuta chumba.

Wataalamu wana mpango wa siku moja kujenga reli mpya ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Nilimwambia Babu. Akavaa kofia yake, akafikiri.

"Wakijenga," akasema, "waambie waanze na mzigo."

UKIAMUA KWENDA WEWE NA MWENZIO

Wakati: Juni hadi Oktoba ni kukavu na baridi ya kupendeza asubuhi. Ukitaka kuona korosho zinaokotwa, nenda Oktoba au Novemba. Masika bora ubaki nyumbani.

Njia: Mabasi ya kusini yanatoka Dar alfajiri. Panda linalokwenda Ruangwa au Nachingwea moja kwa moja, au shuka Masasi uunge. Lala Ruangwa usiku mmoja, usijitese.

Chakula: Ming'oko, kisamvu cha nazi, korosho za kubanguliwa kwa moto zikiwa bado za vuguvugu. Juisi ya mabibo inywe ikiwa mbichi. Ikishachachuka inaitwa uraka, na hiyo haina utani.

Usikose: Kuuliza wazee. Tuta halina kibao wala tiketi, na bila mwenyeji utalipita ukidhani ni kilima. Anza na shikamoo, kaa chini, usitoe simu kupiga picha kabla hujaruhusiwa.

Ukirudi, pitia Mtwara uione bandari. Katika vyote vilivyojengwa kwa ajili ya karanga, yenyewe bado inafanya kazi, kwa sababu korosho na makaa ya mawe vilikuja kupita pale.

Na jioni, mkiwa mmekaa wawili tu, muulize mwenzio swali ambalo hujamuuliza miaka yote. Muulize kazini kwake anafanya nini hasa. Kisha nyamaza, usikilize.